Mbio za karti kwa vijana: Kisangani iandike kanuni kwanza, motere ije baadaye

Katika komine za Makiso, Mangobo au Kabondo, si lazima mtu atembee mbali ili amuone kijana wa miaka 14 akiwa na motere ya pikipiki mikononi. Garaji ni kivuli cha mwembe, meza ni gunia lililotandikwa chini, na mwalimu ni fundi ambaye naye alifundishwa chini ya mwembe mwingine. Kijana huyo anajua kusafisha buji, kupima mafuta, kusikiliza sauti ya motere na kusema ugonjwa uko wapi. Anachokosa ni mahali pa kuonyesha ujuzi huo bila kuhatarisha maisha yake barabarani.

Mchezo wa kumfaa upo, nao unaitwa karti. Ni kigari kidogo kisicho na resoli wala paa. Dereva anakaa karibu kabisa na ardhi, na motere iko pembeni ya kiti chake. Huko ndiko karibu madereva wote wa Formula 1 walikoanzia utotoni. Mjini Kisangani hakuna kiwanja cha mchezo huo, na huenda wengi wakasema ni starehe ya Wazungu na ya watoto wa matajiri.

Hawajakosea sana. Lakini karti haikuzaliwa ghali. Ilifanywa kuwa ghali, na ilifanywa hivyo na kanuni zilizoandikwa vibaya. Siku mfanyabiashara, mwanasiasa au shirika litakapoleta karti za kwanza Boyoma, swali la kwanza lisiwe zinakwenda mbio kiasi gani. Liwe hili: kitabu cha kanuni kiko wapi, na kinamlinda nani?

Pesa zipo, swali ni zinaelekea wapi

Mashindano ya magari yameingia hata katika siasa ya Kongo. Mwezi wa Disemba 2024, Rwanda ilitangaza mjini Kigali kwamba inataka kupokea mbio za Formula 1. Miezi miwili baadaye, Goma ikiwa imekwisha kuanguka mikononi mwa M23, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliwaandikia viongozi wa Formula 1 akiwaomba waache mazungumzo na Kigali. Hoja yake ilieleweka na kila mtu mashariki: mchezo usitumike kuosha damu.

Mwaka huo huo wa 2025, serikali ya Kongo nayo ilitia sahihi mikataba ya udhamini na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona ili kutangaza jina la nchi. Mkataba wa Barcelona peke yake uliripotiwa kuzidi euro milioni 40 kwa miaka 4, yaani karibu milioni 10 kila mwaka. Wengine waliusifu, wengine waliulaani. Kwa kijana wa Mangobo, jambo moja lilibaki wazi: pesa za michezo zinapatikana nchi inapotaka zipatikane, lakini njia yake mara nyingi inapita juu ya kichwa chake.

Ndiyo maana habari ya karti si habari ya kigari tu. Ni habari ya namna pesa kidogo zinavyoweza kufikia watoto wengi, au namna pesa nyingi zinavyoweza kuwafikia watoto sita wa familia tatu.

Ilianza na mashine ya kukata majani

Karti ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1956 katika jimbo la California, Marekani. Aliyeitengeneza, Art Ingels, alikuwa fundi wa magari ya mashindano. Alichomelea mabomba ya chuma, akaweka magurudumu madogo, akafunga motere ndogo ya mashine ya kukata majani. Haikuwa na nguvu hata za farasi 3. Majirani waliipenda, wakaiga, na baada ya miaka michache ulikuwa mchezo wenye viwanda vyake. Mwaka 1962, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, liliunda tume yake ya kusimamia karti duniani.

Mwanzo huo unafanana sana na Kisangani. Huu ni mji ambamo umeme wa bwawa la Tshopo haumfikii kila mtu, na motere ndogo zimejaza pengo: za jenereta, za pampu ya maji, za kinu cha kusaga muhogo na mpunga. Fundi wa Boyoma anazijua motere hizo kama anavyojua kiganja chake.

Bei inapanda kwa mlango gani

Leo karti imegawanyika katika madaraja mengi, na kila daraja lina motere yake. Kuna motere za mipigo miwili, ambazo mafuta yake ya kulainisha yanachanganywa ndani ya esansi. Ni nyepesi, zina makelele, zina nguvu nyingi. Kuna motere za mipigo minne kama zile za jenereta na za pikipiki nyingi za mjini. Ni nzito kidogo, nguvu yake ni ndogo, lakini zinavumilia.

Ya mipigo miwili inayojulikana zaidi kwa vijana ni Rotax Max, motere ya sentimita 125 inayotengenezwa nchini Austria. Ya Junior inatoa nguvu za farasi karibu 23, ya Senior karibu 30. Nyingine ni X30 ya kampuni ya IAME, Italia. Bei ya motere mpya ya aina hizo ni dola 2,500 na zaidi. Shasi mpya ni kati ya dola 4,000 na 6,000. Matairi manne ni dola 200 na zaidi, na katika mashindano makubwa mtoto hutumia seti mpya kila mwisho wa juma. Juu kabisa kuna daraja la FIA liitwalo OK, ambalo motere zake huzunguka zaidi ya mara 14,000 kwa dakika. Motere inayozunguka hivyo hula pistoni kama jiko la makaa linavyokula kuni. Inapaswa kufunguliwa mara kwa mara na fundi maalumu.

Matokeo yake yanajulikana. Toto Wolff, bosi wa timu ya Mercedes, aliwahi kukadiria kwamba kijana mwenye kipaji anahitaji karibu euro milioni 1 ili amalize ngazi ya karti peke yake kabla hajapanda gari la daraja la juu. Lewis Hamilton, bingwa wa dunia mara 7, alianza karti akiwa na miaka 8, na baba yake alifanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja ili kulipia. Mwaka 1998 timu ya McLaren ikamchukua na kulipa gharama. Hamilton mwenyewe amesema mara nyingi kwamba familia kama yake leo isingefaulu tena. Kama mfanyakazi wa Uingereza anashindwa, baba anayesukuma toleka kati ya soko kuu na Kabondo afanye nini?

Sehemu ya Afrika katika historia hiyo ni ndogo. Bingwa wa dunia wa Formula 1 kutoka bara hili ni mmoja tu, Jody Scheckter wa Afrika ya Kusini, mwaka 1979. Mbio za mwisho za Formula 1 barani zilifanyika Kyalami mwaka 1993. Majirani wa Kisangani wamejaribu njia zao. Nchini Uganda, watoto hushindana katika pikipiki za motokrosi za sentimita 50, 65 na 85. Nairobi ina viwanja vya karti, na mwaka 2021 vijana watatu wa Kenya walipewa magari ya Ford Fiesta Rally3 ili wajifunze rali. Ni mambo mazuri, lakini pikipiki mpya ya motokrosi ya mtoto mdogo ni maelfu ya dola, na mtoto hukua akaiacha baada ya miaka miwili.

Kwa Kisangani kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika orodha ya bei: njia. Pistoni ya Austria ikivunjika, ya kuibadilisha itapita Mombasa, Kampala na mpaka, kisha itaingia RN4 kutoka upande wa Bunia na matope yake. Au itashuka Kinshasa na kupanda mto zaidi ya kilomita 1,700. Ikikwama, karti inalala. Wiki zikipita, watoto wanarudi nyumbani, na kilichokuwa klabu kinageuka kuwa chuma cha kutundikia nguo.

Motere ya bei ndogo haitoshi

Kwa hiyo jibu linaonekana rahisi: wachukue motere ya jenereta, mambo yaishe. Wamarekani walisema hivyo hivyo. Walichukua motere za Kichina zilizoigwa kutoka Honda GX200, zile zile zinazouzwa kwa ajili ya pampu, wakaanzisha daraja la bei ndogo. Motere ilinunuliwa kwa dola chache kabisa, ikafungwa kwenye karti, mtoto akakimbia.

Haikuchukua muda. Wajuzi wakagundua kwamba motere mbili za sanduku moja hazilingani, na kwamba ukizifungua, ukapima kila kipande na kuchagua kilicho bora, unapata mwendo zaidi bila kuvunja sheria iliyoandikwa. Wakaanza kuuza motere zilizoandaliwa hivyo kwa bei mara kadhaa ya ile ya dukani. Aliyekuwa na pesa akanunua. Asiyekuwa nazo akabaki nyuma akiwa na motere iliyo halali lakini nyepesi. Motere ilikuwa ya maskini, mchezo ukarudi kuwa wa tajiri.

Kampuni ya Briggs & Stratton ikajibu kwa njia nyingine. Motere yake iitwayo LO206, ya mipigo minne, inafungwa kwa sili kiwandani. Sili ikivunjwa, motere haishindani tena. Inadumu misimu kadhaa bila kufunguliwa, na bei yake ni karibu dola 1,000 au pungufu. Jambo zuri zaidi ni kwamba motere hiyo hiyo inatumiwa na mtoto wa miaka 8 na mtu mzima. Kinachobadilika ni kipande kidogo ndani ya kabureta, chenye rangi tofauti kwa kila umri, kinachozuia esansi isifunguke yote. Mtoto akikua, mzazi habadilishi motere; anabadilisha kipande hicho.

FIA nayo ina somo lake. Tangu mwaka 2010 iliandaa Academy Trophy, ambamo vijana wa nchi mbalimbali walipewa shasi ya aina moja na motere zilizogawiwa kwa kura. Hakuna mzazi aliyeweza kuja na motere yake mfukoni. Aliyeshinda alishinda kwa mikono na macho.

Somo ni lile lile pande zote mbili. Motere ya bei ndogo bila kanuni kali inakuwa ghali ndani ya misimu miwili. Kanuni kali hufanya hata motere ya wastani iwe ya haki.

Motere ipi, basi?

Kwa watoto wa miaka 8 hadi 15, Kisangani ichague motere ya mipigo minne ya sentimita 196, ile ya pampu na jenereta. Nguvu zake ni za farasi 5 au 6, zinatosha kabisa kwa kigari chepesi. Haina vitesi vya kubadilisha: mtoto akikanyaga inakwenda, akiachia inapoa. Inakunywa esansi kidogo ya kawaida, hata ile inayouzwa kandokando ya njia na akina Kadhafi, mradi ichujwe. Piese zake zinapatikana sokoni. Bei yake ni mamia ya dola, si maelfu.

Kwa vijana wa miaka 16 na zaidi, kuna motere ya pikipiki ya 125. Nyingi kati ya zile za Kichina zimetokana na Honda CG125, ambayo Honda iliitoa mwaka 1976 ikiwa imebuniwa makusudi kwa ajili ya nchi ambazo barabara ni mbaya na mafuta ya motere hayabadilishwi kwa wakati. Ni motere iliyozaliwa kwa ajili ya watu kama wa Tshopo, na kila fundi wa mjini amekwisha kuifungua mara nyingi.

Hesabu ya makadirio inasaidia. Klabu yenye karti 10 za mipigo miwili, kila moja ikiwa na shasi ya dola 5,000 na motere ya dola 2,500, inahitaji dola 75,000 kabla ya usafiri na ushuru. Klabu yenye shasi 10 zilizotumika Ulaya, kila moja kwa dola 1,500, na motere za dola 300, inahitaji dola 18,000. Tofauti ni dola 57,000. Tena, watoto 10 wakitumia seti mpya ya matairi katika kila moja ya mashindano 8, wanateketeza dola 16,000 kwa msimu. Kanuni ikisema seti moja ngumu kwa msimu mzima, ni dola 2,000. Mstari mmoja katika kitabu cha kanuni unaokoa dola 14,000.

Hata shasi inaweza kutengenezwa nyumbani siku moja. FIA ilikwisha kutoa michoro ya gari dogo la ardhi liitwalo Cross Car, kwa ajili ya kuchomelewa na mafundi wa nchi husika na kufungwa motere ya pikipiki. Wachomeleaji wa Kisangani wanaotengeneza milango, vitanda na baleinière hawashindwi na mabomba ya chuma. Lakini bomba lazima liwe la unene ulioandikwa, na kila kiungo kikaguliwe kabla mtoto hajakaa. Hapo hakuna kubahatisha.

Kanuni zinazofaa Boyoma

Kanuni ya kwanza iwe kwamba motere ni mali ya klabu, si ya mzazi. Asubuhi ya mashindano, mtoto achote namba kwenye kofia na achukue motere iliyomwangukia. Mchana zibadilishwe, ili aliyepata mbovu asubuhi apate nzuri alasiri. Kwa njia hii hata motere za Kichina zisizolingana hazimuonei mtu.

Ya pili ni sili. Lakini hapa Kisangani isiige Ulaya kijinga. Sili ya Rotax inafunguliwa na kituo kilichoidhinishwa tu, na kuipeleka huko kutoka Tshopo ni safari. Zaidi ya hayo, motere isiyofunguliwa haimfundishi mtoto kitu. Sili iwekwe na klabu siku ya mashindano. Kati ya mashindano, motere zote zifunguliwe pamoja, mezani, mbele ya watoto wote na fundi mmoja anayelipwa. Kila mtoto apime, asafishe, arudishe. Hapo mchezo unakuwa shule, na fundi wa mwembeni anakuwa mwalimu anayeheshimiwa.

Ya tatu ni uzito. Katika karti, kinachopimwa ni kigari pamoja na dereva. Mtoto mwembamba huongezewa risasi au chuma mpaka afikie kiwango. Bila hivyo, wazazi wataanza kuwanyima watoto chakula ili washinde, jambo ambalo katika mji wenye njaa yake tayari lingekuwa aibu. Kanuni hiyo pia inawafungulia wasichana mlango, kwa sababu karti hukimbiwa na wavulana na wasichana pamoja, na usukani hauulizi.

Ya nne ni usalama, nayo haina bei ya kujadiliwa. Karti haina mkanda. Mtoto hutegemea kaske, kinga ya shingo na mbavu, glavu, na ukuta wa matairi mazee pembeni ya njia. Kuna kiwango maalumu cha kaske kwa watoto wa chini ya miaka 15, nyepesi zaidi ili shingo isivunjike. Kaske ya pikipiki ya sokoni haitoshi. Kama klabu haina pesa za kaske 10 za kweli, inunue kaske 5 na watoto 5 wakimbie kwa zamu. Muuguzi awepo. Mnyororo ufunikwe. Hakuna karti kuingia barabara ya umma, hata mita moja.

Ya tano ni hesabu wazi. Kila franka inayoingia na kutoka iandikwe kwenye ubao mbele ya mlango. Watu wa Kisangani wamekwisha kuona miradi mingi ya vijana ikizinduliwa kwa fulana na hotuba, kisha kimya. Ubao mmoja wenye chaki unaweza kulinda klabu kuliko wadhamini kumi.

Na kiwanja? Kisangani iko karibu na ikweta, mvua hainyeshi kwa ratiba, na udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Uwanja mdogo wa saruji, hata ua wa bohari lisilotumika tena, unafaa kuanzia. Watoto hawahitaji kilomita nzima. Wanahitaji kona tano, nafasi ya kusimama ikiwa freni zitashindwa, na mtu mzima mwenye bendera asiyeogopa kumsimamisha mtoto wa mkubwa.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema: nchi iko vitani, walimu hawalipwi vizuri, maji ya REGIDESO hayatoki katika mitaa mingi, na mtu anazungumza habari ya karti? Hoja hiyo ni nzito na inastahili jibu la kweli. Jibu si kwamba karti ni muhimu kuliko maji. Si kweli. Hakuna franka hata moja ya maji au ya shule inayopaswa kuhamishwa kwenda kwenye mchezo huu.

Lakini pesa za michezo na za kutangaza nchi tayari zinatumika, na zinatumika mbali. Klabu ya dola 18,000 ni kitu kidogo sana mbele ya euro milioni 10 kwa mwaka. Na vijana wa mji huu tayari wanaendesha motere. Wanaendesha pikipiki za abiria bila mafunzo, bila kaske, wakiwa na abiria watatu, kwenye njia yenye mashimo. Kijana aliyejifunza kusimamisha kigari kwenye saruji yenye maji, mbele ya mwalimu, atakuwa motard tofauti akifikisha miaka 18. Hata asiposhinda kombe lolote, mama aliyepanda nyuma yake atafika nyumbani.

Wapo pia watakaosema kinyume: kwa nini Kisangani ianze na motere za pampu, kana kwamba watoto wake hawastahili Rotax kama wa Ulaya? Ni swali la heshima, na lina uzito wake. Heshima ya mtoto, hata hivyo, haimo katika jina lililoandikwa kwenye motere. Imo katika kushindana sawa na mwenzake. Klabu yenye Rotax mbili, za mtoto wa mfanyabiashara na wa mkurugenzi, na watoto 30 wakiangalia nje ya ua, haiheshimu mtu. Siku kijana mmoja atakapoonekana ana kipaji kisicho cha kawaida, hapo ndipo mdhamini atafutwe ampeleke Kampala, Nairobi au Johannesburg akapande ya mipigo miwili. Atakuwa amekwisha kujua kazi.

Hatari ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, na haisemwi. Ni zawadi. Wakati wa kampeni, ni rahisi mtu kushusha karti nne zinazong'aa mbele ya kamera, bila piese, bila fundi, bila kanuni. Watu watapiga makofi. Baada ya miezi mitatu karti moja itakuwa imevunjika, nyingine itakuwa nyumbani kwa mtoto wa mheshimiwa, na mbili zitakuwa zinaliwa na kutu. Kisha itasemwa kwamba vijana wa Kisangani hawajui kutunza vitu.

Jambo la kufanya sasa

Hakuna haja ya kungoja karti zifike. Idara ya michezo ya jimbo la Tshopo, shule za ufundi na chama cha mafundi wa pikipiki wanaweza kukaa mezani na kuandika kurasa kumi tu: umri, motere, sili, kura, uzito, kaske, matairi, hesabu. Karatasi na kalamu hazipiti RN4. Kurasa hizo zikiwepo, yeyote atakayeleta zawadi atakuta sheria ikimngojea mlangoni, na atalazimika kuikubali au kurudi na karti zake.

Na kabla ya karti ya kwanza, iwepo motere moja ya pampu juu ya meza, iliyofunguliwa vipande vyote, na watoto ishirini kuizunguka. Yule atakayeirudisha yote na kuiwasha bila bulo hata moja kubaki mezani, huyo ndiye akae kwenye kiti cha kwanza.